Chakula na pumzi: mwongozo kamili wa kula kwa ajili ya mapafu yako

Baba yangu mdogo alivuta sigara tangu ujana, na uzee ulipomfikia mapafu yalikuwa yamechakaa. Kitu cha kwanza kilichonishtua hakikuwa kikohozi chake, kilikuwa kijiko. Alikuwa anachota chakula, anakinyanyua hadi usawa wa kifua, halafu anakishikilia hapo hapo, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, mpaka pumzi itulie ndipo ale. Kijiko cha nne au cha tano, anasukuma sahani. "Mwanangu, kula kunanichosha kuliko kupanda ngazi," aliniambia siku moja. Sisi nyumbani tulidhani hana hamu tu. Mkanda wake wa suruali ulikuwa umetobolewa matundu mapya matatu kwa msumari, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

Naandika kwa ajili ya watu wenye matundu kama yale kwenye mikanda yao, na kwa wanaowapikia. Mgonjwa wa pumu, wa kifua kikuu au wa ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ambao madaktari huuita COPD huambiwa mengi kuhusu dawa na moshi. Kuhusu chakula huambiwa machache, na mengi ya hayo machache ni orodha za "vyakula vinavyosafisha mapafu". Hakuna chakula kinachosafisha mapafu. Kilichopo ni namna ambavyo mwili hugeuza chakula kuwa nguvu, na ukiijua unaweza kubadilisha jinsi siku yako inavyokwenda.

Kwanza elewa kinachotokea mwilini

Karibu kila chembe ya mwili huunguza chakula polepole kwa kutumia oksijeni, na masalia yake ni maji na kabonidayoksaidi. Mkemia Antoine Lavoisier aliliona hili huko Paris katika miaka ya 1780. Yeye na mwenzake Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto lake, wakalinganisha na hewa aliyoitoa. Wakakata shauri kwamba kupumua ni aina ya mwako wa taratibu. Baadaye Lavoisier akampima binadamu, akakuta matumizi ya oksijeni hupanda baada ya kula na hupanda zaidi wakati wa kazi. Yule anayehema akiwa mezani hajidekezi. Kusaga chakula ni kazi, na kazi hula oksijeni.

Mtu mzima aliyetulia hutumia takriban mililita 250 za oksijeni kwa dakika na kutoa kama mililita 200 za kabonidayoksaidi. Kwa siku nzima ni lita 360 zinazoingia kwenye damu, na hapo hajafanya lolote.

Watu wengi hudhani tunavuta hewa kwa sababu oksijeni imepungua. Kwa kawaida sivyo. Mwaka 1905 wanasayansi Haldane na Priestley walionyesha kwamba kinachotawala kasi ya kupumua ni kabonidayoksaidi. Ikipanda kidogo tu damu huelekea kwenye uasidi, shina la ubongo hung'amua, na kifua kinaamriwa kuongeza kasi. Kwa hiyo chakula chochote kinachozalisha gesi hiyo kwa wingi kinaagiza pumzi zaidi.

Aina za chakula hazilingani katika hilo. Ukiunguza glukosi, yaani sukari inayotokana na wanga, molekuli 6 za oksijeni huingia na 6 za kabonidayoksaidi hutoka, yaani uwiano wa 1. Ukiunguza asidi ya palmitiki, ambayo ni mafuta ya kawaida kabisa, 23 huingia na 16 hutoka, uwiano wa 0.7. Protini huwa katikati, karibu 0.8. Kwa kiasi kile kile cha nguvu, mafuta hutoa kabonidayoksaidi pungufu kwa karibu robo kuliko wanga. Na mtu akila wanga kupita mahitaji yake, mwili ukaanza kuugeuza kuwa mafuta ya kuhifadhi, uwiano huo huweza kuvuka 1.

Mwenye mapafu mazima hana haja ya kuhangaika na hesabu hii. Atavuta hewa kidogo zaidi bila hata kujua. Mwenye mapafu ambayo tayari yanashindwa kuitoa gesi hiyo ndiye anayeisikia tofauti.

Upande wa pili wa habari hii ndio naouona mzito zaidi. Misuli ya kupumua nayo inakula. Kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hufanya kazi usiku na mchana tangu siku unayozaliwa. Kwa mtu mzima mwenye afya kazi ya kupumua huchukua sehemu ndogo sana ya nguvu za mwili. Kwa mwenye COPD kali inaweza kuwa mara kadhaa ya hapo, hata kufikia mara kumi. Na mwili ukikosa chakula cha kutosha huanza kuila misuli yake wenyewe, na kiwambo hakisamehewi. Ndiyo maana mgonjwa anayekula kidogo ili asichoke hujikuta baada ya miezi michache anachoka zaidi.

Chakula basi kinadai pumzi, na chakula hicho hicho kinailipia. Hatua zinazofuata ni za kupunguza deni bila kugusa malipo.

Hatua ya 1: Jua ulipo

Jipime uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya kula. Andika. Ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako ndani ya miezi 6 bila kukusudia, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari hata kama unajisikia nafuu. Kwa mtu wa kilo 60, asilimia 5 ni kilo 3 tu.

Kisha gawanya uzito wako kwa kilo na urefu wako kwa mita uliouzidisha kwa wenyewe. Mtu wa kilo 52 mwenye urefu wa mita 1.70 anapata 52 kugawanya kwa 2.89, yaani 18. Kwa watu wote kiwango cha chini kinachokubalika ni 18.5, lakini kwa wenye COPD hali huanza kuwa mbaya tangu 21 kushuka chini. Ukimwona mgonjwa mwembamba wa kifua ukasema "huo ndio mwili wake," pima kwanza.

Kama huna mizani, tumia mkanda, pete inayoteleza kidoleni, au mashimo juu ya mifupa ya bega. Tahadhari moja: miguu iliyovimba huficha kukonda. Na uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, hujanenepa. Moyo unahitaji kuangaliwa haraka.

Mwisho, hesabu pumzi ukiwa umetulia, dakika nzima kwa saa. Mtu mzima huvuta kati ya 12 na 20. Andika idadi kabla ya kula, kisha nusu saa baada ya kula, kwa siku tatu. Utaona mwenyewe ni mlo upi unaokuelemea, na daktari atakushukuru kwa karatasi hiyo.

Hatua ya 2: Pima damu kabla ya kulaumu mapafu

Hapa watu wengi hupotea njia, kwa hiyo soma taratibu. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni hakipimi wingi wa oksijeni kwenye damu. Kinapima ni asilimia ngapi ya himoglobini iliyopo, yaani ile protini nyekundu ya damu inayobeba hewa, imebeba oksijeni. Gramu 1 ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 150 kwa lita ya damu hubeba mililita 200 hivi. Mwenye gramu 75 hubeba 100. Wote wawili, kifaa kitawaonyesha 98. Huyu wa pili anahema akipanda ngazi, anaambiwa mapafu yake hayana tatizo, na ni kweli hayana. Malori ya kubebea mzigo ndiyo yaliyopungua.

Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kuwa chini ya gramu 130 kwa lita kwa mwanamume na chini ya 120 kwa mwanamke asiye mjamzito. Omba kipimo hicho. Kikionyesha upungufu, chanzo kitafutwe: huenda ni madini ya chuma, huenda ni vitamini B12 au asidi ya foliki, huenda kuna damu inayovuja mahali. Usianze kumeza vidonge vya chuma kwa kukisia, kwa sababu baadhi ya wagonjwa sugu wa mapafu wana kinyume chake, damu nzito yenye chembe nyekundu nyingi mno.

Ukiwa na upungufu wa chuma, nyama, samaki na maini hutoa chuma kinachofyonzwa kwa urahisi. Chuma cha maharage, dengu na mboga za majani kinahitaji msaada, na msaada wake ni vitamini C. Kamulia limau juu ya mboga au kula chungwa pamoja na mlo. Chai na kahawa huzuia chuma kufyonzwa, ziache zikae saa nzima au zaidi mbali na mlo.

Hatua ya 3: Panga kiasi kwanza, aina baadaye

Kwa kuwa mafuta hutoa kabonidayoksaidi kidogo, wataalamu walikuja na wazo la kuwapa wagonjwa wa mapafu chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo. Zilitengenezwa hata lishe maalumu za kunywa. Wazo linavutia kwenye karatasi. Lakini tangu miaka ya 1990 ilionekana, kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, kwamba kilichopandisha gesi hiyo kwa nguvu ni jumla ya chakula kilichozidi mahitaji, zaidi ya sehemu ya wanga ndani yake. Na mlo wa mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, tumbo linajaa, kiwambo kinasukumwa juu, na mgonjwa anahema vile vile.

Ushauri wangu ni huu. Usiufukuze wanga kwenye sahani. Punguza ukubwa wa mlo mmoja na ongeza idadi ya milo, kutoka 3 mikubwa hadi 5 au 6 midogo. Punguza sukari ya kunywa, yaani soda, juisi zilizotiwa sukari na chai yenye vijiko vinne, kwa sababu hiyo huingia yote kwa mkupuo. Kisha tumia mafuta kama njia ya kuongeza nguvu bila kuongeza ujazo. Gramu 1 ya mafuta ina kilokalori 9 wakati ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mimea juu ya chakula kilichoiva huongeza kama kilokalori 120, na sahani haionekani kubwa zaidi. Parachichi, karanga zilizosagwa na mtindi usioondolewa mafuta hufanya kazi hiyo hiyo.

Kwa baba mdogo tuliacha kumpakulia sahani kubwa. Tulimpa bakuli dogo, uji mzito wenye maziwa na karanga, kila baada ya saa mbili na nusu au tatu. Alikuwa analimaliza. Baada ya miaka ya kubakiza chakula, kumaliza bakuli kulimrudishia heshima yake mezani, na mimi niliona kwamba hilo peke yake lilikuwa na uzito kuliko hesabu zote.

Hatua ya 4: Ilinde misuli kwa protini na mwendo

Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye ugonjwa sugu anayekonda anahitaji zaidi, kwa kawaida gramu 1.2 hadi 1.5. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Ili usikisie: yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, na gramu 100 za nyama au samaki aliyeiva kama 25. Zigawe katika milo yote ya siku. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini bila daktari wake kumwambia kiasi.

Protini bila mwendo haijengi msuli. Mazoezi ya urekebishaji wa mapafu, yanayosimamiwa na mtaalamu kwa wiki 6 au zaidi, ni miongoni mwa tiba zenye ushahidi thabiti kabisa kwa wenye COPD. Ukikosa huduma hiyo, anza na kusimama kutoka kwenye kiti bila kujishika, mara tano, upumzike, urudie. Kula chakula chenye protini ndani ya saa moja au mbili baada ya zoezi.

Wanaotumia prednisolone, dawa ya kundi la steroidi, kwa muda mrefu wazingatie hatua hii maradufu. Dawa hiyo hupunguza msuli na mifupa, hupandisha sukari na kupoteza potasiamu. Msiiache ghafla, jazieni kile inachochukua.

Hatua ya 5: Badilisha namna ya kula

Kumeza na kupumua hutumia mlango mmoja. Kila unapomeza, pumzi husimama kwa muda mfupi, na kwa mtu mwenye afya hufuatiwa na kutoa hewa, jambo linalosaidia kusukuma nje chembe iliyotaka kupotea njia. Mwenye mapafu dhaifu ana haraka ya hewa, kwa hiyo mara nyingi humeza kisha huvuta. Hapo ndipo chakula huingia kusikotakiwa, kikohozi kinaanza, na wakati mwingine nimonia hufuata.

Utaratibu uliotusaidia ni huu:

1. Pumzika nusu saa kabla ya kula. Kuoga, kuvaa na kupika visitangulie mlo moja kwa moja.
2. Kohoa na toa makohozi mapema. Kama daktari amekuandikia dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa, muulize kama unaweza kuitumia kabla ya mlo.
3. Kaa wima, miguu sakafuni, viwiko juu ya meza. Viwiko vikiegemea, misuli ya mabega na shingo hupata mahali pa kusaidia kifua. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba kuweka viwiko mezani ni utovu wa adabu. Kwa mgonjwa, sheria hiyo isimamishwe.
4. Anayetumia oksijeni ya puani asiivue wakati wa kula. Wakati huo ndio mahitaji yanapanda.
5. Chukua kijiko kidogo. Tafuna, meza, toa hewa taratibu kwa midomo iliyobanwa kama unayepuliza mshumaa bila kutaka kuuzima, ndipo uvute. Weka kijiko chini kila baada ya tonge.
6. Chakula kiwe laini na chenye mchuzi. Kitu kikavu kinachohitaji kutafunwa sana kinamaliza nguvu kabla ya shibe.
7. Kunywa maji mengi kati ya milo, na kidogo tu wakati wa mlo, ili tumbo lisijae maji.
8. Mlo mzito wa siku uwe wakati unapojisikia vizuri zaidi. Kwa wengi ni asubuhi au mchana, si usiku.

Maharage, kabichi na vinywaji vyenye gesi huwajaza baadhi ya watu tumbo na wengine haviwasumbui. Angalia ile karatasi yako ya kuhesabu pumzi, usikate chakula kizuri kwa kusikia tu.

Suala la ladha husahaulika. Dawa ya kuvuta yenye steroidi, ukimaliza kuivuta bila kusukutua mdomo, inaweza kuotesha fangasi, ule utando mweupe ulimini. Chakula chote hugeuka kuwa kama karatasi. Sukutua kwa maji na uteme kila baada ya dawa. Nimeona mtu akirudiwa na hamu ya kula kwa jambo hilo moja.

Hatua ya 6: Madini yanayoendesha misuli ya kifua

Nguvu ya msuli huhifadhiwa katika molekuli iitwayo ATP, na ATP haitengenezwi bila fosfeti. Fosfeti ikishuka sana damuni, kiwambo hulegea, na chembe nyekundu nazo hushindwa kuiachia oksijeni kwa tishu kama inavyostahili. Potasiamu ikishuka, misuli yote hudhoofika. Magnesiamu husaidia misuli ya kuta za njia za hewa kulegea, na ndiyo sababu hospitalini hutolewa kwa mshipa katika shambulio kali la pumu. Jambo hilo lisikufanye ununue vidonge vya magnesiamu kuitibu pumu yako nyumbani. Dozi ya mshipani na kidonge ni vitu viwili tofauti.

Mtu anayekula vyakula mchanganyiko, yaani maziwa, samaki, nafaka zisizokobolewa, kunde, mboga na matunda, hupata madini haya bila shida. Wanaohitaji kupimwa ni wanaotapika au kuharisha kwa muda, wanaotumia dawa za kukojoza, walevi wa kupindukia, na wanaotumia salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, kwa dozi kubwa, kwani dawa hiyo hushusha potasiamu.

Kuna hatari moja ambayo kila anayemhudumia mgonjwa anapaswa kuijua. Mtu aliyekaa zaidi ya siku 5 karibu bila kula asilishwe kwa wingi ghafla. Wanga ukiingia kwa kishindo, insulini, homoni inayoingiza sukari ndani ya chembe, hupanda na kusomba fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuziingiza ndani ya chembe. Mgonjwa aliyeonekana anapata nafuu huweza kuishiwa pumzi au moyo kwenda ovyo siku chache baadaye. Madaktari waliliona hili kwa wafungwa waliokombolewa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waliokufa baada ya kupewa chakula. Upendo wa nyumbani hutaka kumjazia mgonjwa sahani. Apelekwe kwanza kwa wataalamu, aanzishiwe kidogo kidogo, damu ikipimwa.

Hatua ya 7: Vitamini, kwa kiasi chake

Vitamini A hulinda utando wa njia za hewa. Vitamini D ikipungua irekebishwe, hasa kwa wanaotumia steroidi, kwa ajili ya mifupa. Vitamini B1 ina kazi ya pekee. Bila hiyo glukosi haiingii vizuri kwenye mwako wa oksijeni, asidi ya laktiki hujikusanya, na mtu huhema kwa kasi ilhali mapafu yake ni mazima. Wanaotapika wiki nyingi na wanywaji wakubwa wa pombe wako hatarini. Wanaotumia isoniazid kutibu kifua kikuu mara nyingi hupewa vitamini B6 pamoja nayo kulinda neva. Wasiiache.

Vidonge vya dozi kubwa ndivyo vya kuogopa. Mwaka 1994 utafiti wa Finland uliowapa wanaume wavutaji sigara miligramu 20 za beta-karotini kila siku ulikuta saratani ya mapafu imeongezeka kwa waliomeza. Utafiti kama huo nchini Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Karoti kwenye sahani ni salama. Kidonge cha beta-karotini kwa mvutaji sigara si salama, hata kikiandikwa "asili".

Ikiwa tatizo ni uzito uliozidi

Mafuta ya tumboni na kifuani hukandamiza mapafu kutoka nje, hewa inayobaki baada ya kutoa pumzi hupungua, na njia ndogo za hewa hujifunga, hasa mtu akilala chali. Mwenye kipimo cha uzito kwa urefu (kile cha Hatua ya 1) cha 30 au zaidi anayekoroma, anayeamka na kichwa kinachouma na kusinzia mchana aombe kuchunguzwa usingizi wake, kwa sababu huenda pumzi yake hukatika usiku au kabonidayoksaidi hujikusanya. Kupunguza hata asilimia 10 ya uzito huleta nafuu inayoonekana, kwa pumu pia. Ipungue polepole, protini ikibaki juu, la sivyo utapunguza msuli pamoja na mafuta.

Kiungulia nacho huchochea kikohozi cha usiku. Acha saa 3 kati ya chakula cha jioni na kulala, na inua upande wa kichwani wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka kitu imara chini ya miguu ya kitanda. Mito mingi hukunja tumbo tu.

Kuhusu pumu, maziwa hayaongezi makohozi. Yakichanganyika na mate huacha hisia ya uzito kooni, basi, kwa hiyo usimnyime mtoto maziwa kwa sababu hiyo kama hana mzio wa kweli. Kahawa hufungua njia za hewa kidogo kwa saa chache, lakini haitoshi kuwa tiba. Usinywe kabla ya kipimo cha mapafu, maana itapotosha majibu. Salfaiti, zinazotumika kuhifadhi mvinyo na baadhi ya matunda makavu, huwabana baadhi ya wenye pumu. Soma kibandiko.

Kuhema kusikotoka kwenye mapafu, na dalili za kukimbilia hospitali

Mwaka 1874 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza kupumua kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa mahututi: kwa kina, kwa nguvu, bila kupumzika, ilhali hewa inaingia na kutoka bila kizuizi. Insulini ikikosekana mwili huunguza mafuta kupita kiasi, asidi za ketoni hujaa damuni, na kifua hujaribu kuipunguza asidi hiyo kwa kutoa kabonidayoksaidi. Mtu mwenye kiu kali, anayekojoa sana, anayetapika, mwenye pumzi nzito na harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Usimpe dawa ya kifua ukisubiri kuona.

Vivyo hivyo kwa mtu mzima anayevuta pumzi zaidi ya 30 kwa dakika akiwa ametulia, asiyeweza kumaliza sentensi, mwenye midomo ya rangi ya samawati, aliyechanganyikiwa au anayesinzia isivyo kawaida, au aliyevimba uso na kubanwa kifua baada ya kula kitu. Kwa watoto wachanga wa chini ya miezi 2 kasi ya hatari huanzia 60 kwa dakika, miezi 2 hadi 11 ni 50, na mwaka 1 hadi kabla ya 5 ni 40. Mhesabu mtoto akiwa ametulia au amelala, fulana ikiwa imefunuliwa, macho yako yakiwa tumboni kwake, kwa dakika moja kamili.